Umegeuza jani?

Nyuma ya nyumba yetu hapa Kihonda, Morogoro, nina matuta mawili ya hoho. Mashina 38 ya California Wonder, niliyootesha mwenyewe kwa mbegu nilizokamua kwenye hoho za msimu uliopita. Pembeni kuna ndoo 6 za rangi zenye pilipili mbuzi, kwa sababu baba watoto bila pilipili anaona wali haujaiva.

Masika yalipokolea, asubuhi moja naosha vyombo nje nikaona majani ya tuta la kwanza yana madoa madogo ya kahawia, kama yamerushiwa chai ya rangi. Siku nne baadaye majani yakageuka manjano na kudondoka, hoho zikabaki zinaning'inia uchi, jua linazibabua. Nikachuma jani, nikalifunga kwenye leso, nikaenda duka la pembejeo. Kijana hata leso hakuifungua. "Ukungu huo, dada. Piga hii kila wiki." Shilingi 12,000. Wiki ya pili, 12,000 nyingine. Nilipuliza kama nalipiza kisasi. Majani yakazidi kudondoka.

Bibi shamba wa kata alipita siku moja kwa mambo ya kuku wa jirani, nikamvuta mkono mpaka kwenye matuta.

"Umegeuza jani?"

"Nimepuliza juu na chini, mama."

"Sijauliza kupuliza. Umeligeuza ukalitazama?"

Sikuwa nimefanya hivyo. Akanishika kidole akakipitisha upande wa chini wa jani: vipele, kama ngozi ya mtu aliyepigwa na baridi. Upande wa juu, doa lilelile limebonyea kidogo. Doa changa lina maji maji, kama limedondokewa na mafuta ya kula, na likizeeka linazungukwa na manjano. Hiyo, akasema, ni bakteria. Dawa niliyonunua ilikuwa ya ukungu tu, kwa hiyo bakteria walikuwa wanaogeshwa.

Kumbe ukungu una sura zake. Kuna ule wa doa la mviringo lenye kijivu katikati na ukingo mweusi, jicho la chura hasa. Na kuna ubwiri unga, ambao kwenye pilipili ni mjanja: juu unaona mabaka ya manjano tu, unadhani mmea una njaa ya mbolea, kumbe unga mweupe umejificha chini ya jani.

Jani lililokwisha kutoka madoa haliponi. Hilo liliniuma, ila ndivyo ilivyo. Dawa inalinda yale ambayo hayajashikwa. Tuliyachuma majani yaliyojaa madoa, tukang'oa mashina 5 yaliyozidiwa, nikayachoma, sikuyatupa kwenye shimo la mboji. Nikanunua dawa yenye shaba, nikapima kama kibandiko kinavyosema, nikapuliza jioni. Nyasi kavu nikatandaza chini ili matone ya mvua yasirushe udongo kwenye majani. Na ile tabia yangu ya kupalilia alfajiri kabla sijaenda kazini nikaiacha. Majani yakiwa na umande, mikono na nguo ndizo zinazobeba ugonjwa kutoka shina hadi shina. Yaani mimi mwenyewe nilikuwa nausambaza, tena kwa bidii.

Zile ndoo nazo nilikuwa nimezipulizia dawa ileile. Bibi shamba akacheka mpaka akashika kiuno. Vichipukizi vilikuwa vyembamba, vigumu, vimejikunja kuelekea chini. Ule si ugonjwa kabisa, ni utitiri, wadudu ambao kwa macho matupu huwaoni. Dawa wanayoisikia ni salfa. Mjomba wangu wa Masasi anaipuliza kwenye mikorosho kila mwaka, sikuwahi kuwaza kwamba itanihusu. Nilipuliza jua likishazama, maana kwenye joto kali salfa inaunguza majani, na joto la Morogoro mnalijua.

Ndoo moja ilikuwa na majani ya marakaraka, kijani na manjano, yamekunjamana. Virusi, vinaletwa na vidukari. Hiyo haina dawa. Niling'oa siku hiyohiyo, na baba watoto alinuna.

Tuta la pili limepona, juzi nimechuma beseni. La kwanza nimeng'oa yote, nimepanda mchicha. Nyanya, bilinganya wala nyanya chungu hazitakanyaga pale kwa miaka miwili, maana ni ndugu wa hoho.

Kilichobaki ni mbegu. Zile zangu nilizikamua kwenye hoho zilizokuwa na vikovu kama upele, nikaona ni urembo tu, na bakteria huyu husafiri na mbegu. Safari hii nimeazima kipimajoto na chupa ya chai: maji ya nyuzi 51 hadi 52, mbegu ndani ya kitambaa chepesi, dakika 30, kisha maji ya baridi. Jana nilijaribu na maji matupu, na dakika ya 20 yalikuwa yameshuka hadi 48. Leo nitaanza kwa kuisuuza chupa na maji ya moto.