Ziwa Nakuru limerudi kwake

Juzi nilienda Mwariki, mtaa wa Nakuru ulio karibu na ziwa, kumwona shangazi, na kabla hata hajaniwekea chai akanitoa nje nione ukuta wa nyumba ya jirani. Kuna mstari mweupe wa magadi umefika usawa wa dirisha. Maji yalisimama hapo miezi na miezi mpaka wenyewe wakang'oa mabati wakahama nayo, sai imebaki ukuta na fremu ya mlango. Shangazi akaniambia, "Wakati wananunua hii ploti kulikuwa kukavu kabisa, watoto walikuwa wanachezea mpira huko chini."

Na ni kweli, hata mimi nakumbuka. Katikati ya miaka ya tisini ziwa lilikauka karibu lote, upepo ukivuma mchana vumbi jeupe la magadi linatufikia mtaani, mama anaanua nguo kwa kamba anazifua tena, macho yanawasha siku nzima. Tukazoea kuona ziwa dogo. Na mji nao unapanuka, sensa ya 1969 ilihesabu watu kama elfu 47, ya 2019 ikapita laki tano, 2021 tukapewa hadhi ya jiji, na hao watu wote walitaka pa kulala, ploti za huko chini ndizo zilikuwa za bei nafuu, sasa maskini ataenda kujenga wapi?

Halafu kuanzia 2010 hivi mvua zikazidi. Ziwa lililokuwa kama kilomita za mraba 40 likapita 60, likameza lango kuu la mbuga pamoja na ofisi, na ile migunga ya ganda la njano ikafia ndani ya maji, hadi leo imesimama humo bila jani.

Kuna jambo nataka mtu wa Nakuru alijue vizuri. Hili ziwa halina mto wa kutoka. Njoro inaingia, Makalia inaingia, Nderit inaingia, na maji yakishaingia njia yao ya kutoka ni jua tu. Kwa hivyo msitu wa Mau huko juu ukikatwa, mvua haipati miti ya kuishika, inateremka na udongo wote. Na huku mjini kila bati na kila lami tunayoongeza ni mahali maji hayazami tena, mvua ya nusu saa inashuka kutoka upande wa Menengai, inapitia jalala la Gioto, inaokota plastiki na uchafu wa mitaro, yote yanaishia ziwani na yanakaa hapo.

Flamingo ndio walituonyesha mapema. Chakula chao ni mwani, ile spirulina, na inastawi kwa maji makali ya magadi, sasa mvua ilipoyazimua ikapungua na wengi wao wakaenda Ziwa Bogoria. Samaki nao wakaongezeka, vijana wakaanza kuvua, maafisa wakaonya kwamba hao samaki wana madini mazito. Lakini kijana hana kazi na samaki yuko pale, utamwambia nini.

Kinachoniuma ni mtu kusema ni klaimeti tu, hakuna wa kulaumiwa. Mvua imebadilika, sikatai. Lakini kuna mtu alipima zile ploti, mwingine akapiga muhuri, na wazee wa hapa walijua maji yalikuwa yanafika wapi zamani, hakuna aliyewauliza. Huo mpaka wa zamani ungewekwa alama watu wauone kabla hawajatoa pesa, familia nyingi zingekuwa na nyumba leo.

Shangazi ana kijiti amekipigilia ukingoni, amekifunga kitambaa chekundu, kila asubuhi anaenda kukiangalia. Tulienda naye kabla sijaondoka. Maji yamerudi nyuma hatua kama sita tangu Krismasi, matope bado mabichi, na kwa hayo matope nikaona bikoni nne mpya za simiti, zile za kuonyesha mipaka ya ploti, zimeshapandwa.