Remmy Ongala amenirudishia hamu ya muziki

Mimi ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi muziki kwangu ulikuwa kelele ya kunichangamsha kazini tu. Spika inaimba toka asubuhi, wateja wanaingia na kutoka, wimbo ukinichosha naruka wa pili, wa tatu, wa nne. Ule utamu wa usichanani, wa kuganda mbele ya redio ya baba hadi uji unapoa, nilidhani umeshapita na umri wake.

Kilichonirudisha ni albamu ya Remmy Ongala na bendi yake ya Super Matimila, Songs for the Poor Man, ya mwaka 1989. Kijana anayetujazia nyimbo kwenye flashi aliniwekea yote, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mchana ule umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza, nikavuta rundo la mashati ya shule nianze kutia vifungo kwa mkono. Spika ilikuwa na chaji.

Jamani, magita! Kumbe siku zote cherehani ilikuwa inayafunika. Gita la rithm linazunguka palepale bila kuchoka, solo linapenya juu yake, Remmy akivuta pumzi lenyewe linamjibu. Hawaparamiani. Ni mazungumzo ya barazani, kila mtu anangoja zamu yake. Na hakuna haraka: kwanza unasimuliwa kisa, ukishakielewa ndipo magita yanaachiwa yatembee. Ukiruka wimbo mapema, hilo la pili hulipati kabisa. Nilipofika "Sauti ya Mnyonge" nilikuwa nimeshika sindano tu, kifungo kiko mapajani.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia Orchestra Makassy kabla ya kuhamia Matimila. Muziki wake aliuita ubongo, maana alitaka watu wacheze huku wanafikiri. Albamu hii aliirekodi Uingereza, studio ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, wakati bendi zetu nyingi zilikuwa zinategemea studio ya Radio Tanzania. Na huko ugenini akaimba Kiswahili chake kilekile, "Nasikitika", "Kipenda Roho", "Muziki Asili Yake Wapi", kama vile yuko ukumbini Dar na watu wake. Hilo nampendea sana.

Inaniuma kwamba kila siku makonda wanaita "Sinza kwa Remmy", abiria wanashuka, na wengi wa rika la wanangu hawajawahi kusikia hata wimbo wake mmoja. Alifariki Desemba 2010. Kituo kimebaki na jina, lakini jina bila sauti ile ni nusu ya mtu.

Baadaye nimeisikiliza pia Mambo, ya mwaka 1992. Nzuri, ila humo nyimbo kadhaa kaimba Kiingereza, na kwa masikio yangu Kiingereza kinampunguza makali. Remmy wa Kiswahili anakuchapa na kukubembeleza katika mstari mmoja.

Siku hizi kazi ya mkono naikusanya makusudi: vifungo, pindo, kulabu za magauni. Jioni nazima cherehani, naweka albamu moja, na simu naiacha mbali nisishawishike kuruka. Wiki hii ni zamu ya bendi ya Mlimani Park.