Netiboli na Mita 400: Hesabu Isiyo na Mwenyewe

Mwanafunzi anayecheza michezo miwili huulizwa swali moja kila aendako: muda anaupata wapi? Nimeulizwa na wajomba zangu, nimeulizwa na walimu wa taaluma, hata muuza mihogo wa karibu na viwanja vya Tangamano, anayeniona nikipita na baiskeli jioni, amewahi kuniuliza. Kwa niliyoyaona tangu sekondari hadi sasa nikiwa chuoni hapa hapa Tanga, muda ndio uliokuwa rahisi kuliko yote, kwa sababu saa za siku zinaonekana na ukiandika ratiba utajua kipindi kinaisha lini na mazoezi yanaanza lini. Kilichonisumbua ni uchovu. Mwalimu wa netiboli anahesabu mazoezi yake, mwalimu wa riadha anahesabu ya kwake, mwalimu wa hisabati anahesabu majaribio yake, na hakuna hata mmoja anayejumlisha.

Wengi hudhani kwamba netiboli na mbio fupi ni ndugu wa damu, kwa kuwa zote zinataka wepesi wa miguu. Ni kweli kwa kiasi chake. Nilipokuwa nikivaa herufi za WA, yaani mshambuliaji wa pembeni, kasi niliyoipata kwenye mita 400 ilinisaidia sana kumtoka beki katika hatua tatu za mwanzo. Lakini sheria za netiboli zinataka kitu kingine kabisa baada ya hatua hizo. Mchezaji akidaka mpira na kutua kwa mguu mmoja, haruhusiwi kuuinua mguu huo na kuukanyaga tena kabla hajauachia mpira, na hana zaidi ya sekunde tatu za kukaa nao. Kwa hiyo mwili unafundishwa kufunga breki: unakimbia kwa nguvu zote, unaruka, unadaka, unatua na hapo hapo unasimama, na mshtuko wote wa kusimama unaishia kwenye kifundo cha mguu na goti. Kwenye uwanja wa udongo mgumu wenye kokoto, kama ulivyokuwa wa shule yetu, breki hiyo unaisikia hadi kiunoni.

Mita 400 inadai kinyume chake, yaani usisimame hadi uwe umekwisha kuuvuka mstari. Mwalimu wetu wa riadha alikuwa akisimama mwisho wa mbio akinipigia kelele, "We mwanangu, unakwenda kudaka nini hapo?" kwa sababu hatua zangu za mwisho zilikuwa zinafupika zenyewe, kifua kikirudi nyuma na mikono ikifunguka mbele, kana kwamba pasi iko hewani inakuja. Tabia ya mchezo mmoja ilikuwa imehamia kwenye mwingine bila kuagwa. Tuliirekebisha kwa kukimbia mita 60 mara nyingi kukiwa na kipande cha tairi kilichowekwa mbali kidogo baada ya mstari, nacho ndicho nilichotakiwa kukifikia.

Kuna tofauti nyingine ambayo sijaisikia ikisemwa sana, nayo ni kwamba michezo hii haimdai mtu kwa namna moja. Netiboli ina wachezaji saba uwanjani, kila mmoja na eneo lake, na asipofika mmoja, wenzake sita wanahangaika. Riadha ukikosa mazoezi umejikosesha mwenyewe, labda iwe mbio za kupokezana vijiti. Matokeo yake ni kwamba kila jioni niliyoishiwa nguvu, aliyekosa kuniona alikuwa mwalimu wa riadha, na si kwamba niliipenda riadha kidogo, bali haikuwa na timu nzima ya kuninunia kesho yake darasani. Mwalimu mwenyewe alilijua hilo na alilalamika kwa haki. Nadhani mwanafunzi yeyote anayeunganisha mchezo wa timu na mchezo wa mtu mmoja mmoja ataukuta mvutano huu, na ni afadhali autaje waziwazi mbele ya walimu wote wawili mapema kuliko kuuacha ujitatue wenyewe, kwa maana ukiachwa utaegemea upande wa timu siku zote.

Hapa Tanga mambo huongezewa uzito na majira. Mchujo wa UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania, kuanzia shule, kata, wilaya hadi kambi ya mkoa, kwa kawaida hutangulia fainali za taifa za katikati ya mwaka, na kwa hiyo huangukia ndani ya masika. Uwanja ukijaa maji, mazoezi yanasimama. Uwanja ukikauka, mwalimu anataka kufidia siku zilizopotea, na mwalimu mmoja kufidia hakuna neno. Tatizo ni kwamba uwanja huwakaukia wote wawili siku moja, na wote wawili hufidia katika wiki ile ile, juu ya mwili ule ule ambao umetoka kupumzika. Mifupa huzoea mzigo unaoongezeka kidogo kidogo. Ikipigishwa ghafla, ugoko huanza kuuma upande wa ndani kuelekea kwenye kifundo, mwanzoni unapoanza kukimbia tu, baadaye hata ukiwa umesimama kwenye mstari wa asubuhi shuleni. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyenitazama mwaka ule hakuanza kwa kuniuliza nimeumia wapi. Aliniuliza jumla ya saa za mazoezi kwa wiki nzima, michezo yote kwa pamoja, na nilipozihesabu mbele yake kwa vidole niligundua kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Akaongeza baiskeli. Mimi nilikuwa nimeihesabu baiskeli kuwa usafiri, kama anavyoihesabu kila mtu wa Tanga.

Kipimo alichonipa ni chepesi, na nimekuja kukikuta katika maandishi ya madaktari wa michezo wa Marekani: saa za mazoezi yaliyopangwa kwa wiki zisizidi umri wa kijana kwa miaka. Msichana wa miaka 16 abaki ndani ya saa 16, apate walau siku moja ya kupumzika kabisa katika wiki, na kila mchezo upate miezi kadhaa ya kuachwa katika mwaka. Ukiwa na mwalimu mmoja, ni vigumu kuzifikia saa hizo katika shule ya kawaida ya serikali. Ukiwa na wawili, pamoja na kambi za mwisho wa wiki, unazipita bila kujua.

Jambo la kushangaza ni kwamba kipindi pekee ambacho jumla yangu ilishuka yenyewe kilikuwa Ramadhani. Kati ya mwaka 2021 na 2023 mfungo uliangukia kati ya mwishoni mwa Machi na katikati ya Mei, kwenye kiini cha mchujo, na watu wa nje ya pwani walidhani tungepoteza msimu. Walimu wote wawili, bila kukutana, walipunguza: jioni ilibaki ya hatua, pasi fupi na kunyoosha viungo, kisha kila mtu akakimbilia futari kwao. Kalenda iliwakubalisha jambo ambalo wao kwa wao hawakuwahi kukaa kulizungumza. Nilitoka kwenye mfungo ule nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia, ingawa sitaki kulifanya hilo kuwa kanuni, kwa kuwa wapo wenzangu waliodhoofika.

Wanaotaka kuona mfano wa mtu aliyefika mbali kwa michezo miwili humtaja mwanariadha wa Marekani Jackie Joyner-Kersee, na wana sababu. Alicheza mpira wa kikapu katika chuo kikuu cha UCLA huku akishindana katika riadha, na katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988 alikusanya pointi 7,291 katika mashindano ya michezo saba ya wanawake na kuweka rekodi ya dunia. Sehemu ya habari hiyo ambayo husahaulika ni kwamba msimu wa 1983 hadi 1984 aliuweka kando mpira wa kikapu ili ajiandae kwa Olimpiki ya Los Angeles, ambako alipata medali ya fedha akizidiwa kwa pointi tano tu. Na huko vyuoni Marekani saa zenyewe zinahesabiwa kwa sheria: NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo huko, inaruhusu saa nne kwa siku na 20 kwa wiki wakati wa msimu, siku moja ya wiki lazima iachwe wazi, na siku ya mechi huhesabiwa kuwa saa tatu hata kama mechi imechukua muda mwingine. Wanafunzi wengi wa huko husema saa zisizoandikwa ni nyingi kuliko hizo, na sishangai. Hata hivyo kuna mtu ambaye kazi yake ni kuziandika.

Chuoni mambo yamegeuka. Hakuna kengele, hakuna mwalimu wa zamu, na anayekosa mazoezi hatafutwi. Uhuru huo ni mtamu hadi wiki ya majaribio, ambapo wanamichezo wawili watatu huonekana wakihesabu sapu zao, yaani mitihani ya kurudia, kwenye ubao wa matangazo. Mimi nasoma stashahada ya uhasibu, na nimejiwekea utaratibu wa kuwa na mchezo mkuu mmoja kwa kila muhula: muhula wa kwanza netiboli inatangulia na riadha inabaki mara moja au mbili kwa wiki, mbio za taratibu tu, muhula wa pili zinabadilishana. Kocha wa netiboli hakuupenda utaratibu huu. Alisema mchezaji wa nusu mwaka ni nusu mchezaji, na sina hakika kwamba amekosea kwa upande wa timu yake, kwa kuwa pasi za mzunguko hujengwa na watu waliozoeana. Tulikubaliana kwamba muhula wa riadha nitafika siku ya mechi za majaribio, nikae benchi, niingie robo ya mwisho. Hilo limetosha.

Kinachosaidia zaidi ni daftari la shilingi mia tano. Kila wiki ina ukurasa mmoja: mazoezi ya netiboli, ya riadha, baiskeli, usingizi, majaribio ya darasani, na chini yake jumla. Makocha wote wawili wanauona ukurasa huo huo, siyo kila mmoja sehemu yake. Mara ya kwanza kocha wa riadha alipouona aliufunika kwa kiganja upande wa netiboli, akasoma wa kwake, kisha akauondoa mkono na kukaa kimya kidogo, halafu akafuta mbio za kupanda kilima alizokuwa amenipangia Alhamisi. Sikuwa nimemwomba.

Kilichobaki bila jibu ni mafunzo kwa vitendo. Mwaka huu nitakaa ofisini kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, na nimeambiwa kwamba mwanafunzi wa uhasibu hatoki kabla vitabu havijalingana. Riadha itahamia baada ya swala ya alfajiri, kwenye barabara ya Raskazone kabla magari hayajawa mengi. Netiboli itasubiri Jumamosi. Nimewapelekea makocha wote wawili ukurasa wa wiki ya kwanza, nao hadi leo wanabishana ni nani apewe Jumapili, ambayo nimeiandika mapumziko.