Runx niliyoishusha na kelele mbili zilizojifanya moja

Jumamosi ya kwanza

Jana jioni Toyota Runx yangu ya mwaka 2004 ilifungwa springi fupi, za kuishusha kwa milimita 30, huku shokapu zikibaki zile zile za zamani kwa kuwa zilikuwa hazivuji. Kazi nzima ilichukua saa tatu. Niliondoka gerejini nimeridhika, maana pengo lililokuwa kati ya tairi na fenda, ambalo awali lilimeza vidole vinne, sasa linameza viwili tu.

Furaha hiyo haikufika nyumbani. Nilipoacha lami na kuingia mtaa wetu wa vumbi huku Sinza, upande wa mbele ulianza kugonga kavu, kto-kto, kwenye kila kishimo kidogo, na nilipokata usukani wote ili niingie getini ukatoka mlio mwingine mzito, kama sufuria tupu iliyoangushwa sakafuni. Nilimpigia simu fundi aliyefunga, naye hakuhitaji hata kulisikiliza gari: "Bosi, hizo shokapu zimechoka, badilisha zote mbili za mbele." Inawezekana kweli zinaelekea kuchoka, lakini shokapu iliyochoka hulifanya gari lidunde baada ya tuta, haitoi mlio gari likiwa limesimama na kinachozunguka ni usukani peke yake. Niliamua kutonunua chochote hadi nijue kinachogonga ni nini.

Jumapili

Mpwa wangu alikaa kwenye usukani, injini ikiwaka na breki ya mkono ikiwa imevutwa, nami nikaingiza mkono juu ya tairi la kulia na kuigusa springi kwa viganja, nikiwa mwangalifu vidole visiingie kati ya mizunguko yake. Alipokata kwenda kushoto, nilihisi springi ikijikunja polepole pamoja na bomba la shokapu, kisha ghafla ikaruka kurudi mahali pake, na ule mlio wa sufuria ukasikika papo hapo. "Anko, umeisikia?" aliuliza. Niliisikia, na kiganja kilikuwa bado kinatetemeka. Tulirudia baada ya kuchora mstari wa chaki kutoka kwenye springi hadi kwenye kiti chake cha chini, na baada ya kukata usukani mara sita vipande viwili vya mstari huo vilikuwa vimeachana. Upande wa kushoto mstari haukusogea kabisa.

Kwa wasiolijua umbo la mfumo huu: shokapu ya mbele ya Runx hugeuka pamoja na tairi kila unapokata kona, na springi iliyoizunguka inapaswa kugeuka nayo kwa ulaini, ikitegemea beringi iliyo chini ya maunti ya juu, yaani kishikio kinachofunga shokapu kwenye bodi. Beringi hiyo ikikwama, au springi ikiwa haijakaa sawa kwenye viti vyake, springi hujisokota kama nguo inayokamuliwa, halafu hujifyatua.

Jumamosi ya pili

Nilitoa mguu mzima wa kulia, yaani shokapu na springi yake, kwa kufungua linki ya stabilaiza (kijifimbo kinachoiunganisha na chuma kinachopunguza gari kuinama kwenye kona), kishikio cha bomba la breki, boliti mbili kubwa za chini na nati tatu za juu. Kubana springi ndiyo hatua niliyoifanya kwa woga, tena woga huo naupendekeza, kwa sababu springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Vibano viliwekwa pande mbili zinazotazamana na kukazwa kwa zamu, mizunguko michache kila upande, nami sikukaa mbele ya nati ya juu wakati wowote.

Makosa yalikuwa mawili. Ncha ya chini ya springi ilitakiwa kuegemea kidato kilichochongwa kwenye kiti cha chini, lakini ilikuwa imekipanda na kukipita kwa upana wa kidole. Kiti cha juu nacho kina alama inayopaswa kuelekea nje ya gari, na yangu ilikuwa ikitazama injini. Beringi, nilipoizungusha kwa mkono, ilikwaruza kama yenye mchanga, basi nikanunua nyingine Kariakoo. Kwa kuwa nilirekebisha yote kwa pamoja, siwezi kugawa lawama kati ya beringi na ufungaji, na hilo ni kosa langu la kitaalamu: nilipaswa kubadilisha kitu kimoja, nijaribu, kisha kingine.

Mlio wa sufuria uliisha. Kto-kto haikuisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba wiki nzima nilikuwa nikiwinda kelele mbili kana kwamba ni moja.

Jumapili

Mshukiwa wa kwanza alikuwa linki za stabilaiza, kwa sababu gari likishuka pembe ya linki hubadilika, na linki yenye kichwa kilicholegea hugonga hasa tairi moja linapopanda na jingine likibaki chini. Jaribio lake ni rahisi: nilizifungua zote mbili, nikazifunga kwa waya zisiguse kitu, nikazunguka mtaa kwa mwendo wa kutembea. Gari liliinama kwenye kona kuliko kawaida, lakini kugonga kulibaki vile vile, kwa hiyo linki nilizirudisha nikiwa nimezisamehe.

Kilichobaki nilikipata kwa ncha ya kidole. Nilifungua boneti, nikatoa kofia ya mpira iliyofunika nati ya juu ya shokapu ya kushoto, nikaweka kidole juu ya nati huku mpwa wangu akilidundisha gari kwa mikono miwili. Kila dundo lilileta pigo dogo chini ya kidole. Upande wa kulia, ambao nati yake niliikaza mwenyewe, palikuwa kimya. Kule gerejini nati zilikazwa kwa mashine ya upepo, na mashine hiyo huweza kuzungusha fimbo ya shokapu pamoja na nati, fundi akadhani imefika mwisho kumbe bado. Niliishika fimbo kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, nikakaza kwa spana ya kawaida, na nati ikala robo tatu ya mzunguko kabla ya kugota. Mtaa wote niliupita bila kto-kto hata moja.

Jumamosi ya tatu

Nililegeza boliti za mikono ya chini, ile inayoshikilia tairi kwa chini, na kuzikaza upya gari likiwa limesimama juu ya matairi yake, kwa kuwa bushi zake za mpira hushikwa katika kimo cha siku ile zilipokazwa, na zikiachwa katika kimo cha zamani hukaa zimesokotwa muda wote na kupasuka mapema. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa matairi, ilifanyika mchana, na ilihitajika: usukani ulikuwa umeinama kushoto tangu siku ya kwanza.

Bado pana kishindo kimoja, dun, kwenye matuta nikiwa na abiria watatu. Hicho nakijua tayari ni raba ya kuzuia shokapu isigote, iliyovalishwa kwenye fimbo yake, ambayo sasa imebakiwa na nafasi ndogo ya kucheza. Karatasi ya maelekezo iliyokuja na springi inaonyesha kwa mchoro kipande cha raba hiyo kinachopaswa kukatwa. Niliikuta leo chini ya kiti cha abiria, ikiwa bado imekunjwa kama ilivyotoka kwenye boksi.