Julai Tabora, na bahasha ya mitihani

Kutoka Kisumu kwenda Tabora kwa barabara si mchezo. Unavuka mpaka pale Sirari, unalala Mwanza, kesho yake unadamkia basi la Shinyanga. Ukishapita Nzega miti ya miombo inaanza, na akina mama wanakimbilia dirishani na asali kwenye chupa za maji. Mzee niliyekaa naye aliniuliza nafuata nini huko. Nikamwambia nafundisha historia chuoni, nakwenda kusimamia mtihani wa mwisho kuhusu biashara ya misafara.

“Kwa hiyo binti yangu unatoka Kenya kuwafundisha Wanyamwezi habari za Unyanyembe?” Akacheka mpaka akakohoa. Unyanyembe ndio utemi wa kale wa hapo Tabora.

Siku ya mtihani, mabegi yaliachwa ukutani, simu zikazimwa, nikawa nakagua vitambulisho mlangoni. Kila anayeingia: “Shikamoo madamu.” Kwetu mwanafunzi wa chuo hamwamkii mhadhiri hivyo, nami nina umri wa dada yao tu. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, ila kila aliyenyoosha mkono aliniuliza kwa Kiswahili. Utaratibu huu sijapata kuuona faida yake, si hapa wala kwetu.

Kusahihisha ndiko kulikonila usiku. Kazi za muhula zina alama 40, mtihani 60, na jumla ya 62 hapa ni B+, wakati kwetu ni B tupu. Hilo unalizoea upesi. Lililonisimamisha ni karatasi moja. Jina haliandikwi, namba tu. Swali lilitaka sababu za vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu wa Tabora, vile vya 1871 ambavyo hata Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alijitia upande wa Waarabu. Kijana alitaja hongo za misafara (ushuru wa kupita), pembe za ndovu na bunduki, yote yaliyomo kwenye mwongozo wangu. Kisha akaendelea ukurasa mzima: bibi yake wa Urambo alivyosimuliwa na wakubwa wake, watu wakifukia mtama kwenye mashimo kila wakisikia rugaruga, wapiganaji wa enzi hizo, wanakaribia, na vijana wakiwafuata rugaruga hao hao kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na chakula.

Njaa kama sababu ya kwenda vitani! Mwongozo wangu haukuwa nayo.

Mkuu wa idara akasema hakuna chanzo, hakuna alama. Nikamwambia chanzo kimetajwa, ni bibi. Tulibishana hadi chai ikapoa, mwisho akaniachia: “Basi mpe, lakini ukamweleze mtahini wa nje mwenyewe.”

Nilimpa alama 3. Mtahini wa nje alipopitia karatasi hiyo aliandika pembeni kwa penseli, “Huyu ni wa wapi?”, alama akaziacha. Waliopata sapu, yaani mtihani wa marudio, tunakutana Septemba, nimeshaulizia nauli.