Ukoga, ugaga na rangi ya keki

Kwa miaka mingi niliamini kwamba anayepiga mswaki kila asubuhi hadaiwi kitu na meno yake. Imani hiyo iliniisha siku nilipopitisha ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini nikakuta ukingo mgumu, wenye kukwaruza kama ukoko uliogandia sufuria. Nilichofanya baada ya hapo sikisimulii kwa fahari: nilichukua ndimu na chumvi nikasugua siku nne mfululizo, na nilipoona ukingo haubanduki nikauchokoa kwa pini. Kilitoka kipande kisichozidi chembe ya mchanga, ufizi ukavuja damu, na tangu siku hiyo, kwa wiki kadhaa, maji baridi yalinichoma meno hadi utosini.

Daktari wa meno aliyenisafisha baadaye alinitenganishia maneno mawili niliyokuwa nikiyachanganya. Ukoga, kwa maelezo yake, ni utando laini, mweupe au wa manjano hafifu, unaoweza kuukwangua kwa ukucha. Ndani yake wamejaa bakteria ambao hula sukari ya chai, ya soda na ya biskuti, kisha hutoa asidi inayolilainisha jino. Ugaga ni ukoga huohuo uliokaa bila kuguswa, ukafyonza madini ya kalisi na fosfeti yaliyomo kwenye mate, ukawa jiwe, na mabadiliko hayo huweza kuanza ndani ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana hurundikana zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini na upande wa shavuni wa magego ya juu, kwa kuwa hapo ndipo mifereji ya mate inapomwagia.

Basi kazi ya nyumbani ni ukoga peke yake. Ugaga ukishashika huondolewa kliniki kwa vifaa vyake, na hakuna ndimu itakayouyeyusha huku ikiliacha jino salama, maana asidi haichagui. Mkaa uliosagwa nao, unaosifiwa sana mitandaoni, hukwaruza tabaka la juu la jino. Hata aliyekula embe bichi au ukwaju ni afadhali asubiri nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Kilichonifunza kuliko maelezo yote ni rangi nyekundu ya keki. Nilitia matone machache katika vijiko viwili vya maji, nikasukutua kwa nusu dakika, nikatema, nikasuuza mara moja, kisha nikasimama mbele ya kioo na tochi ya simu (na fulana kuukuu, kwa sababu rangi ile haitoki kirahisi). Upande wa nje wa meno, ule unaoonekana nikicheka, ulikuwa safi. Kandokando ya fizi palikuwa na mstari mwekundu kama wanja, na katikati ya magego rangi ilikuwa imejaa tele. Mwaka 1683 Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, mtu aliyesugua meno yake kwa chumvi kila siku, alikwangua utando uliobaki baina ya meno hayohayo, akautazama kwa lenzi zake na kuona viumbe vidogo mno vikitembea. Bidii alikuwa nayo. Kilichomshinda ni zile nafasi.

Sasa natumia mswaki wa nywele laini, nikiulaza kwa mshazari ili nywele ziguse mahali ufizi unapokutana na jino, na kuusogeza kwa miondoko mifupi kwa dakika mbili; nyuma ya meno ya mbele nausimamisha wima. Kabla ya kulala napitisha uzi wa meno, nikiukumbatisha kila jino ubavuni badala ya kuukata ufizi katikati. Dawa ya meno yenye floraidi naitema bila kusukutua kwa kikombe kizima cha maji, desturi iliyoniwia ngumu kuiacha. Bibi yangu hakuwahi kuacha kijiti chake cha mswaki, alichokitafuna hadi ncha ikawa brashi, na kwa upande wa nje wa meno sina la kumkosoa. Ila upande wa ndani kijiti kilichonyooka hufika kwa taabu.

Nitaje na madoa ya kahawia ya wenzetu wengi waliokulia Arusha na Kilimanjaro, kwenye maji yenye floraidi nyingi: hayo yamo ndani ya jino lenyewe, wala si ukoga, na kuyasugua kwa nguvu ni kuliumiza jino bure.

Jumapili iliyopita nilirudia jaribio la rangi. Mstari wa kandokando ya fizi umekwisha, isipokuwa kwenye gego la mwisho la juu kulia, pembe ambayo mkono wangu hujikunja vibaya. Kwa hilo nimeanza kushika mswaki kwa mkono wa kushoto.