Nimefuata redio kilomita 160, gari haina AM

Mnaonijua mnajua mimi na muziki wa country. Nimelelewa nao Ol Kalou, Kenya, Jim Reeves kwa redio ya baba kila Jumapili, kwa hiyo niliposikia kuna kastesheni kadogo ka redio Mount Airy, North Carolina, Marekani, WPAQ, 740 AM (yale mawimbi ya redio ya kizamani, si FM), kanapiga muziki wa milimani tangu tarehe 2 Februari 1948, nikasema hapa lazima nifike. Kutoka Charlotte ninakoishi ni kama kilomita 160. Nikakodi gari. Jamaa wa dirishani akaniambia yale madogo yameisha, chukua hili la umeme kwa bei ileile, nikajiona mjanja, kumbe nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Nilipouona Pilot Mountain kwa mbali, ule mlima uliovaa kofia ya mwamba, nikabonyeza skrini. FM iko. Bluetooth iko. AM hakuna. Nikasimama kando ya barabara nikatafuta kila kona, nikasoma mpaka maelekezo ya gari kwa simu, wapi. Kumbe magari mengi ya umeme hayawekewi AM kabisa, mota zake zinavuruga hayo mawimbi unabaki kusikia mngurumo tu. Yaani nimelipia gari, bima na kuchaji, ili nifuate redio ambayo gari lenyewe haliwezi kuishika! Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mjini nikaegesha. Kando yangu mzee mmoja yuko ndani ya pikapu, kioo kimeshushwa, na ndani fidla inalia. Nikasimama hapo kama mtu anayengoja kukaribishwa chai, mpaka akanifungulia mlango. Tulikaa karibu saa nzima. Jim Reeves hakupigwa hata mara moja, ni fidla na banjo tu, vitu vya kabla hata Nashville, ule mji mkuu wa country, haijawa Nashville. Nikamwambia banjo asili yake ni kwetu Afrika, ile ya magharibi, watumwa ndio walikuja nayo. Akasema anajua, akaongeza sauti.

Ndiye aliyenihadithia habari za Ralph Epperson, kijana wa milima hiyohiyo aliyependa mitambo, akaanzisha stesheni na kuwafungulia mlango wakulima na mafundi waje na ala zao wapige moja kwa moja hewani. Stesheni nyingine zilipokimbilia rock yeye aligoma. Alikufa 2006, mwanawe Kelly akashika usukani. Katikati ya hadithi ikaja sauti ikisoma matangazo ya misiba, mzee akanyamaza kabisa, akavua kofia. Hapo nikakumbuka nyumbani, matangazo ya vifo yakianza hata kijiko hakigongi sahani.

Merry-Go-Round, kipindi chao cha Jumamosi, kinarushwa kutoka ukumbi wa Earle, nami niliingia, wazee wanacheza kwa visigino mpaka sakafu inaitikia. Kingine cha mji siwezi kuwaambia sana. Andy Griffith, yule mwigizaji aliyekuwa sherifu kwenye TV, alizaliwa hapo basi kila duka linauza uso wake, kuna na magari ya polisi ya kizamani ya kuzungushia watalii, bei niliyotajiwa ikanikumbusha kwamba nina miguu. Kuchaji gari nako kulinilia masaa mawili.

Mzee alikuwa amenionya, jua likizama usihangaike kutafuta 740. Usiku AM inaruka mbali sana na kuna stesheni kubwa ya Toronto kwenye namba hiyohiyo, kwa hiyo hawa wa Mount Airy lazima washushe mitambo kutoka wati 10,000 mpaka karibu sifuri. Mimi nikamwambia baba alikuwa akisubiri usiku huohuo, anageuza redio huku na huku mpaka anashika Waarabu na watu wasiojulikana wanaongea nini, na mchana mawe ya redio, yaani betri, yameanikwa juani juu ya mabati yapate nguvu.

Njiani kurudi, gari kimya, nikampigia ndugu yangu, nikamuuliza ile redio ya mzee bado iko?

Iko, akasema, ila haina mawe.